Safu ya Nne

Nimepewa kiti karibu na mlango wa maktaba, tawi la kaskazini.
Thunder Bay, mwezi wa pili, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Nimepewa kalamu inayoganda wino
na karatasi yenye safu nne:
Masomo. Kazi. Burudani. Mengineyo.
Kila aingiaye, alama moja.
Wiki sita, kisha ripoti,
kisha wakubwa wa manispaa waamue
kama tawi lifungwe Jumapili.

Saa nne na dakika mbili, Aune Lehtola, koti la kijani,
anaomba kitabu cha kufuma soksi.
Burudani, naandika.
Anakipata, hakifungui.
Anakiweka mapajani kama paka aliyelala
na kumsimulia mkutubi, nusu saa nzima,
habari za mume aliyekuwa na miguu ya baridi.
Nafuta. Karatasi inachanika kidogo.

Kompyuta ya tatu,
kijana mwenye buti zinazovuja
ameomba mfano wa barua rasmi.
Kazi, basi. Afadhali huyu yuko wazi.
Napita nyuma yake nikielekea msalani,
na jicho halina pazia:
"Baba, namba yako nimeipata kwa"
Kishale kinapepesa baada ya "kwa"
mpaka saa yake moja inakwisha.

Kuuliza si ujinga, tulifundishwa.
Hatukuambiwa kwamba kuuliza ni kuvua,
na mji huu watu wanavaa nguo nyingi.
Swali la kwanza ni koti.
La pili, sweta.
Lile lenyewe, linalogusa ngozi,
huvuliwa dakika kumi kabla ya kufunga,
taa za nyuma zikiwa zimeshazimwa.

Yuko na yule asiyeuliza kitu.
Hukaa ubavuni mwa kipasha joto,
gazeti kalishika juu chini.
Mwongozo wangu unasema:
asiye na haja ya taarifa asihesabiwe.
Nimemhesabu.
Siku ya upepo, mara mbili.

Bwana Clifford Wabasse huja Alhamisi.
Anataka ramani ya ziwa fulani dogo huko juu,
ya sasa, na ya kabla ya bwawa.
"Unavua samaki?" namuuliza,
kalamu tayari juu ya Burudani.
"Nyumba ya bibi yangu iko chini ya maji," anasema.
"Nataka kujua ni chini kiasi gani."
Safu ya nne inazidi kunenepa.
Zile tatu zimebaki mifupa.

Jioni moja Maureen Tkachuk, mkutubi,
akifunga droo ananiuliza, "Na wewe je? Umekosa nini?"
Nikasema, mimi niko kazini.
Sikumwambia kwamba mchana, wenzangu wakila,
mimi huenda rafu ya lugha
ambapo Kiswahili ni kamusi moja tu, mgongo umebanduka,
mhuri wa mwisho wa kuazima ni wa miaka thelathini nyuma.
Sitafuti neno nisilolijua.
Nafungua herufi ya U,
nashuka kwa kidole mpaka *ukoko*,
nione kama bado lipo.
Lipo.
Narudisha kamusi, narudi kwenye kiti changu,
harufu ya wali ulioshika chini ya sufuria
imeningoja hapo, kati ya theluji na mlango.

Ripoti imetaka jedwali, nimetoa jedwali.
Sijui watalisomaje.

Alhamisi ya mwisho Maureen aliileta ramani,
imekunjwa mara nane, ina vumbi la ghala.
Wakahesabu mistari wawili hao, vichwa vimegusana,
wakatoa namba ndogo kwenye kubwa,
wakarudia tena, kwa penseli.
Futi kumi na nne.
Clifford hakusema kitu.
Alisimama katikati ya maktaba, kofia mkononi,
akainua uso, akaitazama dari
muda mrefu,
kama mtu anayepima.